KUTENGENEZA CHUKUDU YA ZAMANI KWA FEZA KIDOGO



Katika kijarida hiki tumekwisha kusoma juu ya kufuga sungura, juu ya usafi wa kisima, na juu ya namna ya kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Leo tunaleta somo juu ya chukudu. Tunajua wamoja watacheka. Watasema: chukudu ni ya watu wasiosoma, mwanafunzi wa darasa la mwisho anatafuta nini kule? Tunawaomba wasome kwanza mpaka kwa habari ya freni, kisha wacheke kama wanaweza.

Kila mutu wa Kibumba anajua chukudu ni nini. Lakini kwa wale waliotoka mbali, tueleze kidogo. Ni gari la mbao lenye magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma. Katikati kuna ubao mrefu wa kubeba muzigo, na mbele kuna gido yenye pembe mbili kama pembe za ng'ombe. Haina motere, haina mnyororo, haina mahali pa kukalia. Mwenye kuiongoza anapiga goti moja juu ya ubao, na kwa muguu mwingine anasukuma chini. Kwa muteremko anapanda juu na inajiendea yenyewe. Kwa mupando anashuka na kusukuma kama punda. Wazee wanasema chukudu zilianza kuonekana huku kwetu Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati inchi ilikuwa ikiitwa Zaire. Katika mji wa Goma waliisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, na mahali pale watu wote wanapaita Rond-point Chukudu. Hatujui mji mwingine uliopatia heshima ya namna ile kitu cha kubebea mashu.

Na mashu ndiyo sababu. Kibumba iko zaidi ya meta 1,750 juu ya bahari, na ziwa Kivu liko meta 1,460. Udongo wetu ni wa volkano, unatoa viazi, mashu, karoti na maharagi, na wenye kula wengi wako chini kule Goma, zaidi ya kilometa 20. Kwa hiyo muzigo unashuka na chukudu tupu inapanda. Mungu angeweka Goma juu na Kibumba chini, chukudu isingefaa kitu.

Sasa habari yetu. Sisi ni wawili, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mmoja wetu alikuwa amekaa nyumbani wiki tano juu ya minervali. Deni lake lilikuwa franka 180,000. Mwingine alikuwa amelipiwa, lakini feza ya kumusaidia rafiki hakuwa nayo. Kwa kulima mashamba ya watu na kuuzisha karoti tulikuwa tumeweka franka 85,000. Tulijiuliza: tulipe ile, na tubaki na deni la 95,000 bila mufereji wa kutoa zingine? Ao tutafute kitu chenye kuzaa? Tuliuliza fundi bei ya chukudu mpya, akasema 220,000. Basi tukaanza kutafuta iliyokufa.

Iliyokufa tuliikuta kwa baba mukubwa mmoja wa mugini, imeegemea nyumba ya mbuzi. Ile chukudu ina historia. Mwishoni mwa mwaka 2022, vita ilipofika Kibumba na watu wote wakakimbia kwenda Kanyaruchinya, ilibeba bibi, magodoro mawili, sufuria zote za nyumba na watoto wawili waliofungwa kwa kitenge ili wasianguke. Ilifika. Wakati wa kurudi, nguzo ya mbele ilipasuka, na tangu siku ile ilikaa kwa mvua na jua.

Tulimwambia: "Baba mukubwa, tunaomba utuuzishie hii chukudu yako."

Alijibu: "Batoto, hii haiko ya kuuzisha. Iko inapumuzika."

Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu alitaka kujua ni ya kazi gani, tukamwambia ukweli juu ya minervali. Akanyamaza, kisha akasema 30,000, nusu kwa feza na nusu kwa viazi. Aliongeza neno moja tu: kama tukiipasua kuifanya kuni, atakuja kutuchapa wote wawili mbele ya masomo yote, hata kama mmoja wetu ni mukubwa wa wanafunzi.

Mutu anayenunua kitu cha zamani aangalie kwanza ni nini kimekufa na ni nini kinaishi. Ubao mrefu wa chini ulikuwa wa ikaliptusi, wenye unene wa vidole vinne. Tuliupiga na nyundo toka mwanzo mpaka mwisho. Mbao nzima inalia kwa sauti kali. Mbao iliyooza inajibu kama ngoma yenye maji. Ulilia vizuri, isipokuwa kipande kidogo cha nyuma, tukakikata. Gurudumu la nyuma lilikuwa zima. Gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka toka katikati mpaka ukingo. Nguzo ya mbele ilikuwa imekwisha kabisa. Vyuma vya katikati ya magurudumu vilikuwa vimekula mbao mpaka gurudumu likacheza kama jino la mutoto.

Juu ya muti wa nguzo, tusikilizane vizuri. Mafundi wa zamani wanasifu sana mumba, ambao ni mugumu na haupasuki upesi. Lakini mumba sasa ni shida kuupata, na kwenda kukata katika Parc ya Virunga, ambayo ipo tangu mwaka 1925, ni kosa mbele ya sheria na ni hatari kwa maisha. Sisi tulinunua ikaliptusi ya shamba kwa 8,000. Ikaliptusi ni nguvu, lakini ikikauka upesi inapasuka. Kwa hiyo ilale kivulini, isilale juani, na mafuta machafu ya gari yapakwe kwa ncha zote mbili, kwa sababu maji ya ndani hutoka upesi zaidi kwa ncha. Tuliacha yetu wiki sita. Wengi wanaacha siku tatu, kisha wanalalamika juu ya fundi.

Kwa gurudumu kuna jambo ambalo mwalimu wa elimu ya viumbe atalipenda. Mutu akikata shina kama vile anakata mukate, anapata duara nzuri bila kazi, na anafurahi. Baada ya mwezi duara ile inafunguka kama mudomo. Sababu ni hii: muti ukikauka unajikaza, lakini haujikazi sawasawa kila upande. Kwa kufuata duara za miaka unajikaza karibu mara mbili kuliko kutoka katikati kwenda nje. Duara inakosa nafasi, inapasuka. Gurudumu la mbele la baba mukubwa lilikuwa limekatwa namna ile. La kwetu tulilichonga toka ubao mnene uliopasuliwa kwa urefu, bila moyo wa muti ndani yake. Kazi ya panga na tezo ilichukua siku mbili, na mikono yetu ilionyesha.

Kipimo cha gurudumu kilikuwa sentimeta 42 toka ukingo mpaka ukingo. Sasa kanda ya mupira wa kuzungusha iwe na urefu gani? Hesabu ya darasa: 42 mara 22, gawanya kwa 7, ni 132. Lakini tulikata 129. Mupira tuliutoa katika tairi ya gari iliyokufa, tukauweka kwa maji ya moto ili ulegee, tukauvuta mpaka ncha zikakutana, kisha tukapiga misumari. Ule upungufu wa sentimeta tatu ndio unaoushikilia. Kanda yenye urefu kamili wa 132 inakaa vizuri siku ya kwanza tu. Vichwa vya misumari viingie ndani ya mupira, visionekane, bila hivyo jiwe la kwanza litaving'oa.

Tufike kwa vyuma. Hapa feza yetu nyingi ilipaswa kwenda, na hapa tulijifunza kitu ambacho hakuna fundi aliyetuambia.

Tulikuwa na nguzo mpya na gurudumu jipya, lakini kwa kujaribu tuliyaweka kwanza juu ya vyuma vya zamani, chuma kikizunguka ndani ya mbao tupu. Tulipakia mawe ya lava mpaka uzito wote pamoja na mutu na chukudu ukafika karibu kilo 350. Mama mmoja anayeuzisha maharagi alituazimisha mizani yake ya ndoano. Tuliifunga mbele na kamba na kuvuta polepole katika uwanja wa masomo, mahali palipo sawa. Mizani ilisoma kilo 15. Ni kusema, kuiendesha ile chukudu katika mahali pa sawa kunaomba nguvu kama ya kuinua ndoo ya maji iliyojaa, kila hatua, bila kupumuzika.

Kisha tuliweka rulema. Tulizinunua mbili za zamani kwa garaje moja, 5,000 kila moja. Rulema ya zamani mutu asiinunue kwa macho. Aiweke karibu na sikio na kuizungusha polepole: ikisema kama mchanga, aiache. Zetu zilinyamaza. Tuliziosha na petroli ya taa, tukazikausha, tukazijaza gresi. Tobo la gurudumu tulilichonga dogo kidogo kuliko rulema, tukaiingiza kwa kupiga juu ya kipande cha mbao, na kupiga upande wa pete ya nje peke yake. Anayepiga pete ya ndani anaumiza vidonge, na rulema inakufa mbele ya kufanya kazi.

Tulivuta tena, mawe yale yale, uwanja ule ule. Mizani ilisoma kilo 5.

Watoto wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakituangalia walipiga makofi. Sisi pia tulifurahi, hatuwezi kukana. Ni mangaribi tu, tulipokuwa tunaandika hesabu kwa ubao, furaha ilipungua. Muteremko wa njia inayotoka mashamba kwenda barabara kubwa tulikuwa tumekwisha kuupima kwa kamba ya meta 10 na chupa yenye maji nusu: kwa kila meta 10 unashuka sentimeta 60. Ni kusema 6 kwa 100. Chukudu yenye kilo 350 katika muteremko huo inavutwa chini na nguvu ya kilo 21. Zamani vyuma vibaya vilikuwa vikiirudisha nyuma kwa kilo 15. Sasa rulema nzuri zinairudisha kwa kilo 5 tu. Kwa maneno mengine, ule ubaya wa zamani ulikuwa nusu ya freni, na sisi tulikuwa tumeutoa kwa feza yetu wenyewe.

Freni ya chukudu munaijua: ni kipande cha mupira wa tairi kinachoning'inia nyuma, mutu anakikanyaga juu ya gurudumu. Tuseme muguu unakanyaga kwa kilo 40, kwa sababu mutu hawezi kuweka uzito wake wote pale na bado akaongoza. Mupira juu ya mupira, mahali pakavu, tuhesabu kwamba unashika kama nusu. Basi freni inatoa kilo 20. Sasa tufanye hesabu pamoja, hesabu ya kichwa tu. Muvuto wa 21, toa 5 za rulema, inabaki 16. Freni 20, toa 16, inabaki kilo 4. Kilo nne ndizo zinazobaki za kusimamisha uzito wa 350! Kama chukudu inakimbia meta 5 kwa sekonde, ambayo ni kilometa 18 kwa saa na ni mbio ya kawaida kule, itasimama baada ya meta zaidi ya 100. Uwanja wetu wa mupira wote. Kwa vyuma vya zamani ingesimama karibu meta 31.

Na mvua? Mupira wenye maji tuliuhesabia tatu kwa kumi. Freni inatoa 12, muvuto ni 16. Haisimami kamwe. Inaongeza mbio mpaka muteremko uishe, ao mpaka ikutane na camion. Sisi wa Kibumba tunajua majina ya watu waliokutana na camion. Hatutayaandika hapa.

Ndipo ubishi ulianza kati yetu wawili. Hesabu ya feza ilikuwa hivi. Mama mwenye viazi analipa 5,000 kwa gunia moja mpaka sokoni Goma. Magunia mawili ni 10,000. Toa 3,000 za chakula na za njiani, inabaki 7,000. Magunia manne ni 20,000. Toa zile zile 3,000, inabaki 17,000. Sisi tunaweza kusafiri siku ya posho tu, kwa sababu siku zingine ni masomo na siku ya yenga ni ya Bwana. Deni la 180,000 kwa magunia mawili ni safari 26, ni kusema nusu ya mwaka, na mtihani haungoji. Kwa magunia manne ni safari 11. Mwenye deni alisema manne. Alisema watu wote wa Kibumba wanabeba manne na sita, na baba yake alibeba sita. Mwenye kulipiwa alisema mawili. Mwenye deni alimujibu: "Ni bepesi kwako kusema mawili, weye uko ndani ya darasa." Neno lile lilikaa katikati yetu siku mbili, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kwa magunia mawili uzito wote ni kama kilo 220. Muvuto 13, toa 3, inabaki 10. Freni 20 inazidi kwa 10, na chukudu inasimama kwa meta 28 hivi. Ndiyo maana tunasema: ubao wa chukudu unaweza kubeba magunia sita bila kulia, lakini anayeamua idadi ya magunia ni freni. Watu wanaangalia ubao. Tuliuliza waongozaji saba pale barabarani kama wanajua chukudu yao inasimama kwa meta ngapi. Sita walicheka. Wa saba alituonyesha alama ya goti lake.

Njia ya kutoka kwa ubishi haikutoka kwa mmoja wetu peke yake. Ilitoka kwa somo la fizike la mwaka wa tatu, lile la wenzo, ambalo sote tuliliandika katika daftari na kulisahau. Kama muguu hauwezi kukanyaga zaidi ya kilo 40, basi tuupatie ubao wa kukanyagia. Tulichukua kipande cha mbao ngumu cha sentimeta 40. Ncha moja tuliifunga kwa chukudu na bawaba za mulango uliovunjika, ambazo tulipewa bure. Mupira wa freni tuliupigilia chini, sentimeta 20 toka bawaba. Muguu unakanyaga kwa ncha nyingine, sentimeta 40. Urefu mara mbili, nguvu mara mbili: kilo 40 za muguu zinakuwa 80 juu ya gurudumu, na freni inatoa 40 pahali pa 20.

Rudieni hesabu. Magunia manne, mahali pakavu: 40, toa 16, ni 24. Inasimama kwa meta 18. Kwa mvua: 24, toa 16, ni 8. Inasimama kwa meta 55. Magunia mawili kwa mvua: karibu meta 20. Hesabu ni hesabu, barabara ni barabara, kwa hiyo tulijaribu na mawe mara kumi na mbili katika njia ya mashamba, bila watu, tukipima kwa hatua. Pakavu tulipata kati ya meta 17 na 24. Kuna mara moja jani la muti liliingia katikati ya mupira na gurudumu, ikaenda meta 40 na kuingia katika maharagi ya watu. Tuliomba radhi na tukapanda upya mistari mitatu.

Kitu kingine cha kujua ni moto. Kutoka kwetu mpaka Goma tunashuka, tuseme, meta 250. Kilo 350 zikishuka meta 250 zinatoa kazi ya juli 875,000. Kazi hiyo inaweza kuchemsha lita mbili na nusu za maji baridi. Nyingi inapotea kwa barabara, kwa rulema na kwa upepo, lakini sehemu inaingia katika mupira wa freni, na mupira ukipata moto unalainika na kunuka. Ukisikia harufu, simama, ngoja, maji usimwage juu. Wenye haraka wanamwaga maji, kisha wanashuka na mupira uliolowana. Mumekwisha kuona hesabu yake.

Feza ilikwenda hivi: chukudu yenyewe 30,000, rulema 10,000, muti 8,000, tairi mbovu 6,000, misumari 3,500, bulo nne 4,000, resori mbili za pikipiki kwa nguzo ya mbele 7,000, gresi 2,000, na fundi aliyetusaidia siku mbili kwa kuunganisha nguzo 12,000. Jumla 82,500. Zilibaki 2,500, tukanunua maandazi, na kambambili moja ya zamani tuliikata kuwa kitanda cha goti. Resori zile si za raha. Kule Buhene, mahali lava ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilikata barabara, mawe yanatikisa kila kitu, na chukudu isiyo na resori inalegeza bulo zake zote kabla ya kufika. Hata zetu tunazikaza tena pale, kila safari.

Fundi alipoona ule ubao wa freni alicheka sana. Alisema chukudu haihitaji mulango. Baadaye, alipoipanda yeye mwenyewe na mawe yetu, alishuka bila kusema kitu, akapima na vidole vyake umbali kati ya bawaba na mupira. Sasa anatengeneza moja ya mutu wa Rugari, na amekuja kutuuliza kipimo mara ya pili.

Mpaka leo tumefanya safari tisa. Tano zilikuwa za magunia manne, na nne, siku za mvua, zilikuwa za mawili. Pale penye muteremko mukali tulishuka na kutembea, hata kama hesabu inaturuhusu kupanda. Tumepata 113,000. Mwenye deni alirudi darasani baada ya malipo ya kwanza, na zimebaki 67,000. Mupira wa freni tumeubadilisha mara tatu, kwa vipande vya tairi ile ile. Tunapendekeza upimwe kila siku ya tano mangaribi: ukionyesha unene chini ya kidole kidogo, utolewe.

Wale wanaotaka kuiona, iko nyuma ya jiko la masomo. Watoto wa mwaka wa kwanza wasiipande bila sisi kuwa pale. Mizani ya mama wa maharagi tumekwisha kuirudisha, kwa hiyo atakayetaka kupima yake aende kumuomba kwa heshima, na asiende siku ya soko.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho, pamoja na rafiki yake